Chungu Kimepasuka: Kusoma Dalili Kabla ya Kulilaumu Tanuri

Mfinyanzi akifungua tanuri na kukuta nyufa, neno la kwanza mdomoni mwake huwa ni "moto". Moto ulikuwa mkali, moto ulikuwa haba, gesi ilikatika katikati. Mara nyingi tanuri halina kosa. Limeonesha tu jambo lililotendeka siku nyingi nyuma, pale udongo ulipokandwa kwa haraka, au mdomo wa bakuli ulipopigwa na upepo huku kitako bado kibichi. Ndiyo maana mafundi wawili huweza kuchoma pamoja kwenye rafu moja, mmoja akatoa vikombe vizima na mwenzake akatoa vigae.

Kwa hiyo kigae usikitupe. Kishike, ujiulize mambo matatu. Dalili ilionekana lini: kwenye rafu, ndani ya moto, siku ya kufungua, au wiki mbili baadaye kwa mteja? Ufa uko sehemu gani na umeelekea wapi? Na la tatu, ambalo mimi naliamini kuliko yote: kingo za ufa zikoje?

Pitisha ukucha juu yake. Kama kingo zimelainika, na glezi (ule uji wa madini unaoyeyuka na kuwa kioo juu ya chombo) imeingia ndani ya ufa au imejiviringa pembeni mwake, basi ufa ulikuwepo kabla glezi haijayeyuka. Chimbuko lake ni mezani, kwenye rafu ya kukaushia, au mwanzoni kabisa mwa moto. Kama kingo ni kali za kukata kidole, na glezi imekatika sambamba na udongo, ufa umetokea wakati wa kupoa. Jibu hilo moja hukuondolea nusu ya visingizio.

Nyufa kabla ya moto

Hapa ndipo vyombo vingi vinapofia, na hapa ndipo pa kukaa muda mrefu zaidi.

Udongo wa kufinyangia ukikauka husinyaa, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 8, kisha husinyaa tena ndani ya moto. Kusinyaa kwenyewe si tatizo. Tatizo ni kusinyaa kwa zamu: sehemu moja inatangulia, nyingine inakataa kuifuata, na chombo kinaachana.

Ufa unaoanzia mdomoni na kushuka wima unasema mdomo ulikauka mapema. Mdomo ni mwembamba na uko juu, upepo unaukuta kwanza. Ufunike peke yake kwa ukanda wa kitambaa chenye unyevu, uache tumbo na kitako viufikie. Chombo kikipata nguvu ya kujibeba, kigeuze kifudifudi. Karakana zilizo karibu na bahari huhangaika na upepo, zile za Dodoma au Machakos huhangaika na ukavu wa hewa. Dawa ni moja, kupunguza kasi. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, wengi walirudi kwenye magunia yaliyoloweshwa, majani ya mgomba na maturubai. Kwa maoni yangu gunia lenye unyevu ni bora kuliko mfuko, kwa sababu linapumua, na matone ya maji hayarundikani juu ya chombo na kulainisha sehemu moja tu.

Ufa wa kitakoni uliojipinda kwa umbo la herufi S ni wa wanaotumia gurudumu. Una sababu tatu, na mara nyingi zote hukutana. Ya kwanza, udongo wa kitako haukukandamizwa: wakati wa kuinua kuta vidole vinaubana udongo wa pembeni, ule wa katikati unabaki legelege. Ukishafungua donge, pitisha vidole au kibao kutoka pembeni kwenda katikati na kurudi, mara kadhaa, kwa nguvu, mpaka usikie udongo umegoma. Ya pili, maji yaliachwa ndani. Yakaushe kwa sifongo kabla hujakata chombo kutoka kwenye gurudumu. Ya tatu, kitako ni kinene kuliko kuta. Choma sindano upime, usikisie kwa macho.

Kuna kisababishi cha nne ambacho hakisemwi sana: chombo kimegandia ubao. Kitako kinataka kusinyaa, ubao haukiachii. Nyunyiza mchanga mwembamba chini yake, au weka karatasi ya gazeti, na sahani pana uzisogeze kidogo kila siku.

Wanaojenga kwa kamba za udongo, wakipandisha moja juu ya nyingine, hawaujui sana ufa wa S. Wao huuona ufa wa kulala, unaozunguka tumbo. Hapo kamba hazikushikana, au kazi ililala usiku na ukingo wa jana ukakauka kabla haujapandishwa kamba ya leo. Kwaruza ukingo, upake uji wa udongo, kisha kandamiza ndani na nje. Kulainisha nje peke yake kunaficha kiungo bila kukiunganisha.

Mkono wa kikombe unaoachia kwenye kiungo cha juu uliwekwa ukiwa mbichi kuliko kikombe. Vyote viwili viwe vimekauka nusu, uji wa kuungia utokane na udongo uleule, na kikombe kilale usiku mzima kimefunikwa ili unyevu ugawane.

Kama nyufa zimetapakaa mwili mzima, bila mpangilio, hata kwenye kazi iliyokaushwa kwa uangalifu, mtuhumiwa ni udongo wenyewe. Tengeneza vipande vitano vya bapa, chora kwenye kila kimoja mstari wa sentimita 10 kamili, uviache vikauke, kisha pima. Mstari ukiwa sentimita 9.2, udongo umesinyaa asilimia 8. Kusinyaa kukizidi asilimia 10 kwa kukauka peke yake, udongo una mnato mno na unahitaji kupunguzwa mnato kwa mchanga laini au unga wa vigae vilivyotwangwa, kuanzia asilimia 10 ya uzito mkavu. Kusaga vigae vya zamani na kuvirudisha ndani ya udongo mpya ni maarifa ya wafinyanzi wa Afrika ya tangu kale. Viwanda vya udongo navyo hufanya vilevile.

Vipande hivyo usivitupe. Vichome pamoja na kazi yako, upime tena, na utajua kusinyaa kwa jumla. Tuseme ni asilimia 12, na hoteli inataka vikombe vya kimo cha sentimita 10. Gawa 10 kwa 0.88, unapata takriban 11.4. Hicho ndicho kimo cha kufinyanga.

Kinalipuka ndani ya moto

Utaambiwa ni hewa iliyonasa. Hewa peke yake haina nguvu ya kulipua chungu. Kinacholipua ni maji: yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke usipopata njia hujitengenezea. Tundu la hewa huongeza hatari kwa sababu huwa limehifadhi unyevu, na ukuta unaolizunguka huwa mnene na mkavu kwa nje tu. Kwa hiyo kanda udongo vizuri, lakini usidhani kukanda kutakuokoa kama chombo hakijakauka.

Namna ya kujua ni kukiweka chombo shavuni. Kikiwa baridi kuliko hewa ya chumbani, maji bado yanatoka. Shavu ni sahihi kuliko kiganja, kwa sababu viganja vya mfinyanzi vimekufa ganzi kwa maji na mchanga.

Kigae nacho kinaeleza. Bapa dogo likibanduka ubavuni, umeongeza moto upesi kwa kiasi. Kitako chote kikiruka, kitako kilikuwa kinene na kibichi. Chombo kikisambaratika vipande vidogo na kuharibu majirani, ulipandisha moto kwa pupa mno. Lishikilie tanuri kwenye nyuzi 80 hadi 90, mlango au tundu la juu likiwa wazi kidogo, kwa saa kadhaa. Vyombo vinene vilale humo usiku kucha. Weka kioo kwenye tundu: kikipata ukungu, endelea kungoja.

Hata baada ya hapo udongo unabeba maji mengine, yaliyofungamana na madini yake, na hayo hutoka takriban kati ya nyuzi 450 na 600. Hapo pia usikimbize moto.

Wanaochomea uwanjani kwa kuni na nyasi hupandisha moto kwa dakika chache tu, na vyungu vyao vinapona. Sababu ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: udongo wenye chenga nyingi (mchanga au vigae vilivyotwangwa) zinazopitisha mvuke, kuta za unene mmoja, na kuvipasha vyungu moto kwanza, kwa kuvifunika juu ya makaa au kuwasha nyasi ndani yake. Ukiiga moto wao bila udongo wao, utaokota vigae.

Ufa wenye kingo kali

Huu ndio ufa ambao tanuri linashiriki, ingawa mkono uliolifungua ndio wenye dhambi kubwa zaidi. Ndani ya udongo kuna kwatzi, yale madini magumu ya mchanga, na kwatzi hubadilisha umbo lake ghafla ikifika nyuzi 573: hupanuka ikipanda, husinyaa ikishuka. Vyombo vya joto kali vinaweza kuwa na badiliko la pili, karibu na nyuzi 220. Chombo kikipita hapo upande mmoja ukiwa moto na mwingine umepigwa na upepo wa mlangoni, kinakatika mkato mmoja safi.

Ziba tundu zote mara unapozima moto. Usiufungue mlango "kuchungulia tu" kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 100. Najua hamu ilivyo, hasa mteja akiwa anapiga simu, lakini saa kumi za kungoja ni nafuu kuliko wiki tatu za kuanza upya. Sahani pana huumia zaidi kwa sababu rafu iliyo chini yake hushika joto huku ukingo unapoa. Ziinue kidogo juu ya vipande vyembamba vya udongo uliochomwa.

Nyufa nyingine za namna hii hazionekani kwa macho. Gonga chombo kwa kifundo cha kidole. Kizima hutoa mlio mrefu, wazi. Chenye ufa hutoa mlio uliokufa. Gonga kila kikombe kabla hakijaingia kwenye boksi la mteja.

Wiki mbili baadaye: vipele vyeupe

Dalili hii inawasumbua sana wanaochimba udongo wa pwani. Chombo kimetoka kizuri, kimeuzwa, kisha ubavuni kinabanduka kijipande cha duara, na katikati ya shimo kuna punje nyeupe. Ni chokaa. Mwambao wetu umekaa juu ya mawe ya matumbawe, na punje zake zimechanganyika na udongo. Ndani ya moto, kuanzia takriban nyuzi 850, punje hiyo hupatwa na kilekile kinachotokea kwenye tanuu la chokaa ambalo mafundi wa Lamu na Unguja walilitumia kupata chokaa ya kujengea. Ikishaungua hungoja unyevu. Ikiupata hata wa hewani, huumuka na kusukuma udongo ulio juu yake.

Jaribu udongo kabla hujauamini: mwagia siki au maji ya ndimu kwenye donge kavu. Ukiona mapovu, chokaa ipo. Haimaanishi uutupe. Chokaa iliyo unga laini haidhuru sana. Punje ndiyo adui. Loweka udongo uwe uji, uchuje. Tundu za chandarua ni kubwa mno kwa kazi hii. Tumia chekecheo la unga laini au kitambaa cha pazia jepesi. Kama vyombo vimeshachomwa, vitumbukize kwenye maji mara vinapotoka tanurini vingali na uvuguvugu, vikae humo saa moja au zaidi. Chokaa hunywa maji kwa wingi na kulainika badala ya kuumuka polepole. Huokoa vyombo vingi, si vyote. Kilichobaki na vipele kisiuzwe kama chombo cha kulia.

Utando mweupe juu ya uso, usiobandua kitu, ni jambo jingine: ni chumvi zilizopanda na maji wakati wa kukauka, mara nyingi kutoka kwenye maji ya kisima cha chumvi. Badilisha maji kwanza. Maji ya mvua yanatosha.

Glezi inapogoma

Glezi iliyojikusanya na kuacha sehemu za udongo uchi ilikataa kushika tangu mwanzo. Vumbi la rafuni, mafuta ya mikono iliyopakwa losheni, au tabaka nene mno. Itazame glezi ikiwa kavu, kabla ya moto: ukiona imepasukapasuka na kuinua kingo, tayari umeona matokeo. Kama inafanya hivyo hata ikiwa nyembamba, ina udongo mwingi ndani yake. Anayetumia kaolini (udongo mweupe) ya Pugu, karibu na Dar es Salaam, kwenye glezi anaweza kuichoma nusu yake kwanza kwa nyuzi 700 au zaidi, aichanganye na nusu mbichi. Iliyochomwa haisinyai tena, na glezi inatulia bila kubadilisha kilichomo.

Mtandao wa mistari myembamba juu ya glezi, unaoendelea kuongezeka siku hadi siku kwa milio midogo, unasema glezi inasinyaa kuliko udongo ulioibeba. Mtuhumiwa mkuu kwetu ni magadi. Yanapatikana kwa urahisi, yanayeyusha vizuri, rangi ya shaba hung'aa nayo, kwa hiyo mtu huongeza tu. Lakini sodiamu iliyo ndani ya magadi huifanya glezi isinyae sana ikipoa, na isitoshe magadi huyeyuka kwenye maji, yakazama ndani ya chombo na kuacha glezi isiyo sawa. Punguza magadi, ongeza silika (madini yaliyomo kwenye kwatzi) kidogokidogo, asilimia 5 kwa kila jaribio. Asiyepata unga wa kwatzi ajaribu majivu meupe ya maganda ya mpunga yaliyosagwa vizuri. Sehemu kubwa yake ni silika. Kwa chombo cha mapambo mistari hiyo inaweza kupendeza. Kwa sahani ya chakula siikubali, kwa sababu mafuta na uchafu huingia humo.

Kinyume chake ni glezi kubanduka vijiganda vyenye ncha, hasa kwenye midomo na mikono. Hapo glezi imebanwa mno. Acha kuuza mara moja, kwa maana vijiganda hivyo ni vioo na vitaingia kwenye uji wa mtoto. Punguza silika.

Vitundu vidogo ni njia za gesi ambazo glezi haikupata muda wa kuziziba. Ongeza joto la uchomaji wa kwanza, ule wa kabla ya glezi, na mwisho wa uchomaji wa pili, ule wa glezi, shikilia joto la juu kwa dakika 15 au 20. Glezi iliyotiririka hadi kwenye rafu imewekwa nene au imepitilizwa moto. Acha nafasi ya nusu sentimita juu ya kitako bila glezi, na kila glezi mpya iwekewe kigae chini.

Risasi isiingie kwenye karakana ya vyombo vya chakula, iwe ya unga au ya kuyeyushwa kutoka kwenye betri, hata kama glezi yake inang'aa kupita zote. Achari, ukwaju na ndimu huitoa kwenye glezi na kuipeleka mwilini. Kipande cha ndimu kikilala usiku kucha juu ya glezi na rangi ikabadilika chini yake, glezi hiyo si ya chakula. Ikisalia vilevile, bado jaribio hilo halithibitishi kuwa hakuna risasi. Hilo ni kazi ya maabara.

Kinavuja, au kinapasukia jikoni

Mteja analalamika kwamba jagi la maua limeacha doa mezani. Udongo uliochomwa kwa joto la chini hunywa maji, na kwa mtungi hiyo ni sifa: maji yanayotokeza nje na kukauka ndiyo yanayopoza yaliyobaki ndani. Kwa jagi ni kasoro. Pima: chombo kisicho na glezi chenye gramu 500 kikavu, kikichemshwa majini saa kadhaa na kuachwa humo hadi kesho yake, kikafika gramu 540, kimenywa asilimia 8. Kitavuja, na glezi iliyopasukapasuka haitakizuia. Kwa vyombo vya mezani tafuta chini ya asilimia 3, kwa kuchoma juu zaidi au kubadilisha udongo.

Ila usilichukue somo hilo ukalipeleka kwenye chungu cha kupikia. Hapo mambo yamegeuka. Chungu kilichoiva sana na kufungamana hupasuka juu ya moto, kwa sababu hakina nafasi ya kupanuka upande mmoja. Kinachostahimili jiko ni udongo wenye chenga, uliochomwa kwa joto la chini, wenye kitako cha mviringo na ukuta wa unene mmoja. Nyungu za bibi zetu hazikukosa kitako bapa kwa bahati mbaya. Pembe kali ya kitako ndipo ufa unapoanzia. Kabla ya kukiuza, kichemshie uji mwepesi wa wanga ndani yake ili vitundu vizibe, na mwambie mteja asimwage maji baridi kwenye chungu chenye moto.

Udongo wa ndani wa majiko ya mkaa, yale yaliyoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, hupasuka kwa sababu hizohizo. Ukiona yanarudi kwa wingi, ongeza chenga kabla hujagusa kitu kingine.

Mabaka meusi

Weusi kwa nje ni moshi uliogusa chombo pale hewa ilipopungua. Weusi ndani ya ukuta, unaoonekana ukivunja kigae, ni mabaki ya mimea ambayo hayakupata muda wa kuungua. Yakifungiwa humo huweza kuvimbisha ukuta kwa malengelenge. Nenda taratibu kati ya nyuzi 700 na 900, hewa ikiingia ya kutosha.

Weusi wa nje si kosa kila mara. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kwenda Uingereza mwaka 1971, amejenga jina lake duniani kwa vyombo vya kamba za udongo vilivyosuguliwa hadi kung'aa, bila glezi. Vikichomwa penye hewa hutoka na rangi ya chungwa na nyekundu. Vingine huvirudisha motoni vikanyimwa hewa, vikatoka vyeusi. Tofauti ya baka na kazi ya Odundo ni kwamba yeye ameamua hewa ifungwe lini. Ukilipenda baka lako, jifunze kulirudia.

Likitokea upande mmoja wa tanuri kila mara, hapo tanuri lina kesi. Weka koni, vile vijimnara vinavyoinama vikifikia joto lake, juu, kati na chini. Kipimajoto kinakuambia joto la nukta moja. Koni inakuambia joto na muda vilivyokifanyia chombo. Mara nyingi kupanga rafu kwa nafasi kunatosha, na huhitaji kujenga upya.

Vyombo vinauzika, mfuko mtupu

Hili nalo ni tatizo lenye dalili na sababu. Tuseme tanuri moja linabeba vikombe 100, na udongo, glezi, gesi na siku za kazi, siku zako zikiwemo, jumla yake ni shilingi 400,000. Fundi anagawa kwa 100, anapata 4,000, anauza 4,500 na kuamini amepata faida. Lakini vizima vilivyotoka ni 80. Kila kimoja kimemgharimu 5,000. Anapoteza 500 kwa kila kikombe, na kadiri anavyouza zaidi ndivyo anavyozama. Andika idadi ya vizima kwa kila uchomaji, kwa mwaka mzima. Daftari hilo ndilo linalopanga bei.

Oda ya vikombe 60 ifinyangiwe 75. Pima madonge kwa mizani na utumie kijiti cha kupimia kimo na upana, maana hoteli itaviweka kwa mpangilio na tofauti itaonekana. Chukua kianzio cha nusu kabla ya kugusa udongo. Na oda ikija wakati wa masika, ahadi iwe ya masika: kukausha kunaweza kuchukua muda maradufu, na anayeharakisha ili kuokoa tarehe anarudi palepale kwenye vyombo vinavyolipuka.

Kikohozi

Mgongo unaouma baada ya saa mbili unataka kiti kiinuliwe na gurudumu lisogee karibu; hilo linarekebishika leo. Kifua si hivyo. Vumbi la udongo mkavu na la glezi lina silika, na chembe zinazodhuru ni ndogo kiasi cha kutoonekana hewani. Zikiingia mapafuni hazitoki, na kovu zinaloacha halifutiki. Usifagie karakana kwa ufagio mkavu, piga deki. Usisugue chombo kikavu kwa msasa ndani ya nyumba. Changanya glezi ukiwa umevaa barakoa ya kuzuia chembe ndogo, kitambaa puani hakitoshi. Aproni ifuliwe kila wiki, isiende nyumbani kwa watoto.

Kikohozi kikizidi wiki mbili nenda hospitali, na mwambie daktari kwamba wewe ni mfinyanzi na umefanya kazi na vumbi kwa muda gani. Ugonjwa wa mapafu wa vumbi la silika hufanana na kifua kikuu kwa dalili, na aliye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Bila kuambiwa kazi yako anaweza kutibu kimoja na kukiacha kingine.